Fungu la Aliye Njiani

Kifurushi cha kwanza kilimwangukia Sajini Damien usoni, na harufu yake ikamfanya amtaje Bikira Maria kwa sauti.

"Njo iyo!" alisema Jean-Berchmans kutoka mlangoni. Nyumba ilikuwa ya mama yake, lakini hakutaka kuingia. "Njo sumu yenyewe, sajini. Dada yangu alisema iko mu manyasi, juu ya kitanda ya mama. Na kweli iko."

Damien alikuwa amesimama juu ya kigoda, mkono mmoja umezama katika nyasi za paa. Alikuwa polisi wa teritware, wilaya ya Uvira, tangu kabla ya vita, mtu wa tumbo kidogo, asiyependa kupanda juu ya vitu. Asubuhi hiyo ya Alhamisi alikuwa amefika Bwegera juu ya lori la pamba, baiskeli yake imefungwa juu ya magunia, na shefu akamweleza shauri lote kabla hata hajapangusa vumbi. Inamahoro, mke wa Jean-Berchmans, amefungiwa kasho, chumba cha mahabusu cha shefu. Wifi yake Generose anamshtaki kwamba anamlisha mama mkwe sumu ya kuondoa akili. Kesi ni Jumamosi. Likithibitika, Inamahoro atarudishwa kwao ng'ambo ya Ruzizi, na mtoto wake, ambaye bado ananyonya, atabaki kwa baba.

"Mulipima hii sumu?" aliuliza Damien.

"Tuipime namna gani? Nani ataiweka mu kinywa?"

Sajini alishuka, akakaa kwenye kigoda kilekile, akaanza kufungua vifurushi kimoja kimoja. Watu wa kijiji walikuwa wamesimama nje ya uzio, kila mmoja na maoni yake. Lisemwalo lipo, walisema. Damien alikuwa amelisikia neno hilo katika kila kesi aliyopata kuishika, na mara nyingi alikuwa amekuta halipo.

Kila kifurushi kilikuwa jani la mgomba lililofungwa kwa kamba ya mgomba. Ndani ya cha kwanza mlikuwa na ugali wa muhogo uliogeuka kijani. Ndani ya cha pili, maharagwe yaliyoota manyoya. Cha tatu kilikuwa na wali na samaki mdogo, amekauka mpaka kichwa.

"Haya," alisema Damien. "Sumu hii inapikwa na chumvi. Nani amesikia mulozi anayeunga mboga?"

Jean-Berchmans hakucheka. Alikuwa kijana wa kazi ya mpunga, miguu yake bado ina tope la shamba, na macho yake hayakuwa yamelala siku kadhaa.

Kifurushi cha mwisho kilikuwa tofauti. Jani lake lilikuwa bado bichi. Ugali wake ulikuwa laini, ukibonyezwa unaitika. Vingine vyote vilifungwa fundo moja. Hiki kilikuwa na mafundo mawili, moja juu ya jingine.

"Bibi yako amefungwa tangu lini?"

"Tangu siku ya Mungu, kisha misa."

"Jumapili. Na leo ni Alhamisi. Weye iko na migomba nyuma ya nyumba. Jani ikikaa siku ine juu ya moshi ya nyumba, inakuwa je?"

"Inakauka. Inavunjika."

"Shika hii."

Jean-Berchmans alilishika lile jani. Lilikunjika mkononi mwake bila hata kulia. Alilitazama, akamtazama sajini, kisha akaingia ndani ya nyumba kwa mara ya kwanza na kukaa chini sakafuni.

"Aliyefunga hiki hakuwa kasho," alisema Damien. Akakifunga upya kama kilivyokuwa, mafundo mawili, akakirudisha katika nyasi. Vile vilivyooza alivitia katika gunia, maana shefu angetaka kuviona. "Sasa twende tumuone mama."

Apollinarie alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha uzio, uso kwenye barabara. Kikongwe hakuwa, mikono yake ilikuwa bado na nguvu. Lakini nywele zake hazikuwa zimenyolewa wala kusukwa kwa miaka, na shingoni alikuwa amefunga kitambaa cha matanga kilichofifia mpaka hakikuwa na rangi. Alipoiona kaki ya polisi ikimjia, aligeuza uso na kujifunika kichwa kwa nguo.

"Amahoro, mama," alisema Damien.

"Kama umeleta habari ya Sévère, rudi nayo. Minye sikukuuliza kitu."

"Sikuleta habari, mama. Nimekuja kukusalimia."

Nguo ilishuka kidogo, jicho moja likachungulia. "Weye mutoto ya nani?"

Damien alimwambia. Mama aliitikia kwa kichwa kwa adabu, akatazama barabara, na kabla nzi hajazunguka mara mbili akauliza tena, kwa adabu ileile, "Weye mutoto ya nani?"

Sévère alikuwa kifungua mimba wake. Jeshi lilimchukua wakati wa vita, likampeleka mbali, na vita vilipokwisha wengine walirudi na mablanketi na masanduku ya bati. Sévère hakurudi, wala kifo chake hakikutangazwa. Jean-Berchmans alieleza hayo huku akichora mavumbi kwa kidole.

"Mutu asiye na kaburi unamulilia wapi, sajini? Hatukuweza kuondoa matanga, sababu hatukujua kama amekufa. Na mama alikataa kuyavua. Basi tulisema: mumuache, iko mu matanga."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

"Na mu ile miaka, aliacha nini kwanza? Nipangie. Sitaki yote mu kapu moja."

Jean-Berchmans alifikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. "Kwanza aliacha kuimba ku kinu. Kisha aliacha kwenda ku misa, kisha ku shamba. Alikuwa anaamka mbele ya jogoo na kukaa tu. Kula, kidogo kama ndege. Siku moja alisema, 'Nimechoka na kuamka.' Minye nilikuwa ningali mu katekisimu."

"Na kusahau?"

"Kusahau kulianza nikisha kuoa. Alienda ku maji, akarudi bila mutungi. Sasa ananiita kwa jina ya marehemu baba. Njo Generose akasema: huyu bibi yako aliingia na kitu."

Ndani ya nyumba, kwenye mwamba wa ukuta, vilining'inia vikapu viwili vya kusuka, vile virefu vyenye kifuniko cha ncha ambavyo mama wa Kirundi humpa mtoto wake siku ya arusi. Kimoja kilikuwa cheusi kwa moshi, na pembetatu zake zilipanda mzunguko hata mzunguko mpaka kwenye ncha bila kukosea. Cha pili kilikuwa kimesukwa vizuri, lakini kitupu. Nyasi tupu, bila rangi.

"Ni vyake," alisema Jean-Berchmans. "Bwegera yote ilikuwa inanunua kwake. Hicho kitupu alisuka Sévère akisha kwenda. Tulimuuliza rangi iko wapi, akasema, 'Rangi ya kumuonyesha nani?'"

"Na ku arusi yako alikupa gani?"

Kijana aliinamisha kichwa. "Hakuna. Ilikuwa haya kubwa. Tulisema ni sababu ya matanga."

"Generose aliolewa wakati gani?"

"Vita ilipokwisha tu."

"Matanga yalikuwa yameanza?"

"Yalikuwa yameanza."

"Alipata kikapu?"

"Alipata."

Damien alisugua kidevu. Matanga yaleyale, mama yuleyule. Binti alipata kikapu, kitinda mimba hakupata. Kulikuwa na kitu kati ya arusi hizo mbili, na hakikuwa matanga.

Kasho ya shefu ilikuwa chumba cha matofali mabichi chenye dirisha la ukubwa wa kiganja. Inamahoro alikuwa amekaa ukutani, mtoto titini. Hakusimama. Watu waliosimama mbele yake wiki hiyo hawakuwa wamemletea jema.

"Ulijua habari ya vifurushi?"

"Nilijua, baba sajini."

"Ni vya nini?"

"Ni fungu ya Sévère. Kila magaribi mama anaondoa kidogo mu sahani yake, anasema, aliye njiani atafika na njaa. Zamani, watu wananiambia, alikuwa anaweka mu kikapu na asubuhi watoto wanakula. Sasa anaficha, na akisha kuficha anasahau. Minye nilikuwa natoa vilivyooza wakati analala."

"Mbona hukusema mbele ya shefu?"

Inamahoro alimtazama kwa mara ya kwanza. "Waliniuliza kama naroga. Hawakuniuliza mama anafanya nini. Na mama aliniomba nisiseme kwa watu. Anaona haya."

"Watakunyang'anya mutoto sababu ya haya ya mukwe wako?"

Alimhamishia mtoto titi la pili. "Baba sajini, nani anamunywesha uji? Anasahau kumeza. Lazima umwambie, meza mama, meza. Wameshamwambia?"

Damien alisema kwamba ataangalia. Alitoka nje haraka kuliko alivyoingia.

Ijumaa alirudi Uvira. Lori liliharibika njiani, kama kawaida ya malori ya pamba, na dereva alipokuwa chini ya injini akitukana, Damien alivuka barabara mpaka kwenye dispansari, kwa munganga Térence. Walikuwa wamejuana tangu ujana. Térence alisikiliza huku akichemsha sindano.

"Sumu ya kuondoa akili polepole hivyo, minye siijui," alisema. "Lakini ile ya kusahau naijua. Wazee wa namna hiyo wanaletwa hapa. Unauliza watu wa nyumba, na mara nyingi unakuta kulikuwa huzuni kwanza. Huzuni ya kukaa, si ile ya kulia na kwisha. Kisha miaka, njo kusahau."

"Basi huzuni inakula akili. Naweza kusema hivyo mbele ya shefu?"

"Usiseme hivyo, weye! Mama yangu alizika waume wawili, na anakumbuka deni zangu za utoto. Wengi wanahuzunika na hawasahau. Nasema tu, aliyekaa mu huzuni ndefu ya uzee, hatari yake ni kubwa kuliko ya mwenzake. Labda huzuni inafungua mulango. Labda ugonjwa wenyewe ulikuwa umeingia zamani, na huzuni ni mavumbi yake ya mbele, kama lori: unaona vumbi mbele ya kuona lori. Sijui. Sijaona munganga anayejua."

"Na kama wangemuleta kwako wakati wa huzuni?"

Térence aliinua sindano kwa koleo, akaikagua. "Singemurudishia mutoto. Lakini mutu mwenye huzuni ukimukalisha na watu, ukamupa kazi, ukamusikiliza, anapata nafuu. Wao walimuacha peke yake, wakaita heshima."

Nyumba ya Generose ilikuwa Kasenga, mtaa wa Uvira, karibu na kanisa, na cherehani yake ilisikika kabla ya mlango wake kuonekana. Alikuwa mwanamke wa sauti kali na mikono isiyotulia. Alimpa sajini kiti na maji, akaendelea kushona.

"Umeona sumu?"

"Nimeona chakula, mama Sidonie."

"Kikulacho kiko mu nguo yako, sajini. Mwanamuke huyo anapika, anapakua, analala nyumba moja na mama yangu. Nani mwingine?"

"Kabla hajafika, mama alikuwa muzima?"

"Muzima kabisa! Huzuni tu, ya matanga. Akili ilikuwa yake yote."

Juu ya sanduku la bati palikuwa na kikapu kimoja, kitupu, kisicho na rangi. Cha arusi, alisema Generose bila kuulizwa.

"Na cha ubatizo wa Sidonie? Mujukuu wa kwanza."

Cherehani ilisimama. "Hakusuka."

"Kabisa?"

"Nimesema hakusuka."

Damien alikunywa maji polepole. Maji yalikuwa yamechotwa katika mtungi uliokuwa pembeni, na mtungi huo ulifunikwa kwa kifuniko cha ncha, cha kusuka. Kikapu cha arusi, kule juu ya sanduku, kilikuwa na kifuniko chake. Aliinuka, akakichukua kile cha mtungi, akakipeleka mlangoni penye mwanga.

Rangi ilikuwamo. Baada ya miaka yote ile ya nyasi tupu, Apollinarie alikuwa ametia rangi kwa ajili ya mjukuu. Pembetatu nyeusi zilianza chini kwa uzuri, mbili, tatu. Ya nne ilikuwa nene. Ya tano ilipotea katikati, ikaanza tena mahali pasipo pake, na kutoka hapo mpaka kwenye ncha nyeusi na nyeupe ziligombana tu. Mahali pengine zilifumuliwa zikasukwa upya, zikakosewa palepale.

"Mama Sidonie," alisema kwa upole, "mutoto anasoma darasa gani?"

"Ya pili."

"Na ku ubatizo wake, Inamahoro alikuwa wapi?"

Generose alikitazama kifuniko. Jibu lilikuwa halina pa kujificha: Inamahoro wakati huo alikuwa msichana kwao, ng'ambo ya Ruzizi, na Jean-Berchmans hakuwa amemwona hata kwa mbali.

"Walicheka," Generose alisema mwishowe. "Wageni. Walisema, mama yako amesuka na macho mu usingizi. Nilificha kikapu mu sanduku. Minye nilijua, sajini. Siku ile, kifuniko mu mukono, nilijua kitu kimeharibika. Nikasema ni uchovu. Ni matanga." Alifuta uso kwa kipande cha kitambaa alichokuwa akishona. "Sasa kama si huyu bibi, ni nani? Nipe mutu. Nipe mutu nimushike!"

"Sina mutu wa kukupa."

"Kila Pasaka niliwauliza watu ya Bwegera, mama anaendelea je? Waliniambia, iko mu matanga. Nikajibu, vizuri. Vizuri!" Sauti yake ilipanda na kuvunjika. "Na minye niko hapa. Lori ya asubuhi inafika hapa, na mpaka siku ya Mungu iliyopita sikuipanda. Miaka yote iko ku kizingiti anangojea Sévère, anamuwekea chakula, na minye muzima hakuningojea hata siku moja. Nilikuwa namutamani mama yangu, sajini, na yeye alikuwa anatazama barabara."

Damien alirudisha kifuniko juu ya mtungi, akakiweka sawa. Mama yake mwenyewe alikuwa Kiliba, kwenye barabara ileile ya Bwegera, na ilikuwa muda tangu amwone.

"Kesho lori inaondoka mapema," alisema. "Shefu hawezi kufuta maneno yako. Weye tu unaweza."

Jumamosi, mbele ya shefu na kijiji kizima, Damien alimwaga vifurushi chini, akaonyesha chumvi na maharagwe. Alieleza habari ya jani bichi. Kisha alikaa, na Generose akasimama na kifuniko mkononi. Hakusema mengi. Alisema kilisukwa lini, na kwamba maneno yake juu ya wifi yake anayarudisha kinywani. Wengine walinung'unika, maana walikuja kuona mlozi. Shefu aliuliza basi nani alimdhuru mama, na Damien akajibu kwamba katika kazi yake si kila aliyedhurika ana aliyemdhuru. Mlango wa kasho ulifunguliwa.

Walikwenda nyumbani wote wanne kwa miguu, Damien akisukuma baiskeli. Inamahoro alitangulia na mtoto mgongoni, Jean-Berchmans kando yake. Generose alikuja nyuma, mbali kidogo, kama mgeni asiye na hakika kama amealikwa.

Apollinarie alikuwa kwenye kizingiti. Alimwona Inamahoro akiingia, akasimama kwa hasira.

"Weye wa uji! Ulienda wapi siku hizi zote? Mutoto amekonda!"

Aliingia ndani, akapanda kigoda, akachomoa kifurushi kutoka katika nyasi. Jani lilikuwa limeanza kunyauka. Lilikuwa na mafundo mawili.

"Hii yako. Nimefunga mara mbili, sababu munakula wawili."

Inamahoro alikipokea kwa mikono miwili. Alilia sana, na mama mkwe akamwambia aache kulia juu ya chakula, kitaingia maji.

Generose alikuwa amesimama nje ya uzio. Aliliona lile jani, akayaona yale mafundo, akasogea hatua moja.

"Mama," alisema. "Na yangu?"

Mama aligeuka. Alimtazama tangu kitambaa cha kichwa mpaka viatu vya mjini, akatafuta, na uso wake ulionyesha kwamba hakuna alichokipata.

"Weye mutoto ya nani?"

"Ya kwako."

Apollinarie alifikiri juu ya hilo kwa adabu, kama alivyokuwa akifikiri juu ya kila kitu siku hizi. Kisha akarudi kwa Inamahoro, akafungua jani mikononi mwake, akakata ugali katikati kwa vidole, na kumletea mgeni nusu.

"Sikukuwekea," alisema. "Sikujua kama unakuja. Lakini umetoka mbali. Ikaa ule."

Generose alikaa chini mavumbini, na viatu vyake vya mjini, akala. Mama yake alikaa pembeni yake kwenye kizingiti, akatazama barabara. Damien hakuaga. Alisukuma baiskeli mpaka nje ya kijiji, akapanda, akashika njia ya kusini, na alipofika Kiliba, kwa mama yake, hakupita moja kwa moja.